Bunduki Fupi ya Nyamakuyu

Sogeeni hapa, wakubwa na wadogo, na wewe unayejifanya umesinzia nakuona. Nina kesi mkononi. Nimeibeba muda mrefu, na kila nilipoitua watu waligombana mpaka chai yao ikapoa. Leo naitua kwenu. Sharti langu ni moja tu: mtu asinipe jibu kabla sijamaliza, maana wanaojibu mapema ndio huwa wa kwanza kubadili mawazo.

Kulikuwa na kituo cha askari wa wanyamapori kilichoitwa Nyamakuyu. Kilikuwa mbali. Nikisema mbali, msifikirie mbali ya kwenda gulioni. Lori la posho lilifika mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi, na masika halikufika kabisa, kwa sababu mto ulikuwa umeshakata njia. Simu haikushika. Kulikuwa na vijumba vya bati, ghala, mlingoti wa bendera, na mbung'o wa kutosha kumtia mtu wazimu. Ukitoka nje asubuhi ukaita jina lako mwenyewe, hakuna wa kukujibu isipokuwa wenzako wawili, nao wameshaichoka sauti yako.

Kituoni hapo waliishi askari watatu.

Mkubwa wao kwa umri alikuwa Sikazwe, mtu wa Sumbawanga. Kipaji chake kilikuwa mikono. Chuma chochote kilichokufa, Sikazwe alikifufua: bawaba, baiskeli, pampu ya maji, bunduki. Alikuwa na cherehani cha mkono, akikiweka juu ya meza kando ya kitanda chake, na jioni alikuwa akimshonea binti yake magauni. Binti alikuwa kwao Sumbawanga, na Sikazwe hakuwa na vipimo vyake. Alikuwa akikisia. Kila likizo ilipoahirishwa alikata kitambaa kirefu kidogo kuliko mara iliyopita, akampa dereva wa lori apeleke. Mara nyingi jibu lilirudi kwa mdomo wa dereva: gauni zuri, limembana.

Wa pili alikuwa Nyanzobe, binti wa Kisukuma kutoka upande wa Magu. Kipaji chake kilikuwa shabaha. Alikuwa na mkono usiotetemeka, na wanaume waliokuja kumpima waliondoka wakiangalia viatu vyao. Mama yake mzazi alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Nyanzobe alipokwenda kumwona mara ya mwisho, mama alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akampa maji, halafu akamuuliza, "Mwanangu, wewe ni wa kwa nani?" Nyanzobe aliporudi Nyamakuyu hakumsimulia mtu jambo hilo kwa muda mrefu.

Wa tatu alikuwa Bukuru, Muha wa Kasulu. Kipaji chake kilikuwa masikio. Alisikia tumbili akimenya tunda ng'ambo ya mto. Alisikia jangili akikunja waya. Kwao hakuwa na mtu: wazazi walikufa mapema, mke hakuoa, na ndugu waliobaki walishamsahau. Kama angekufa Nyamakuyu, habari zingekosa nyumba ya kupelekwa. Alilijua hilo, na alikuwa akilisema kwa utani ili wenzake wasimwonee huruma.

Sasa, watu wakikaa mahali kama pale hujitungia sheria zao. Sheria kubwa ya Nyamakuyu ilihusu mgeni. Mgeni yeyote akija, awe dereva, mtafiti au mrina asali, alikuwa wa yule aliyemtambua kwanza. Huyo ndiye aliyempokea mzigo, akala naye, akamlaza chumbani kwake, akamuuliza habari zote za dunia. Wenzake wawili walipaswa kungoja mpaka kesho yake asubuhi ndipo wapate mabaki ya habari. Mnacheka? Kaeni ninyi mwezi mzima na nyuso mbili zile zile, halafu mje mcheke tena. Na kwa kuwa Bukuru alisikia lori lilipokuwa bado nyuma ya vilima, wageni karibu wote walikuwa wake. Wenzake walinung'unika, lakini hawakumwonea wivu sana. Walijua hana mwingine.

Basi, kiangazi kimoja alikuja mrina asali akikimbia, miguu imechanika. Bukuru alimsikia kwanza, lakini safari hii hakukuwa na muda wa kumkaribisha mtu.

"Mwenzangu Lusambo yuko juu ya mti!" alisema yule mtu akihema. "Kule kwenye kichaka cha bondeni. Mbogo amelala chini yake. Tangu alfajiri!"

Alikuwa mbogo dume mzee, wa wale wanaofukuzwa na kundi wakishachoka kupigana, wakaenda kukaa peke yao na hasira zao. Huyu alikuwa na jambo la ziada: waya wa majangili ulikuwa umemkata mguu, hata asiweze kwenda mbali. Alikuwa amemwona Lusambo, akaamua kwamba huyu ndiye aliyemtegea waya. Mti aliopanda Lusambo ulikuwa mwembamba. Mbogo alikuwa akiusukuma kwa paji la uso, akipumzika, akiusukuma tena.

Nyanzobe alichukua raifo ndefu ya kituo, Bukuru akatangulia. Kichaka kile hakikuwa na njia ya binadamu. Kilikuwa na vichochoro virefu vya kupita kwa magoti, vilivyotobolewa na miili ya wanyama katikati ya miiba na mimea inayotambaa, vinavyopinda kila baada ya hatua chache. Kutoka nje huoni kitu, na ukipiga risasi kwa kubahatisha unaweza kumwangusha Lusambo badala ya mbogo. Ilibidi kuingia.

Waliingia. Kwenye kona ya kwanza mtutu ulinasa. Nyanzobe akaurudisha, akaunasua. Kwenye kona ya pili ulinasa tena, na safari hii wakasikia miiba ikivunjika mbele yao, na pumzi nzito. Nyanzobe alitaka kugeuza bunduki, haikugeuka. Ilikuwa imelala kushoto, na mbogo alikuwa anakuja kwa kulia. Walirudi kinyumenyume kwa magoti, wakiacha ngozi na vifungo vya mashati mle ndani. Mguu mbovu wa mbogo ndio uliowaokoa, kwani hakuwafuata mpaka mwisho.

"Raifo haigeuki mle," alisema Nyanzobe walipofika kituoni. Alikuwa analia kwa hasira. "Kaka Sikazwe, ni ndefu mno. Nilikuwa naye kabisa, na sikuweza kugeuka."

"Na bastola?"

"Ile aliyotuachia afande wa makao makuu? Risasi yake ndogo. Nitakuwa namkuna tu."

Kule bondeni Lusambo alikuwa bado anaita, lakini Bukuru aliwaambia kwamba sauti imepungua, na kwamba mti umeanza kutoa mlio ambao haukuwa nao asubuhi.

Sikazwe aliangalia ghala.

Ghalani mlikuwa na silaha zilizokamatwa kwa majangili, zinangoja kesi. Mlango ulikuwa umepigwa lakiri, muhuri wa mahakama. Kuivunja lakiri hiyo bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa kazi na pengine kushtakiwa, na mwenye ruhusa alikuwa mkuu wao, Afande Chogero, peke yake, aliye makao makuu, siku nzima ya gari kutoka hapo. Redio ya mawasiliano ilikuwa imekufa betri. Sikazwe alisimama, akachukua nyundo, akavunja lakiri mbele ya wenzake.

Alitoka na kitu ambacho kila aliyekiona alikicheka. Kilikuwa bastola kwa umbo, yaani hakina kitako cha kuegemeza begani, na kinashikwa kwa kiganja. Lakini kilikula risasi za raifo, zile zile ndefu, moja baada ya nyingine. Jangili mmoja alikikata kutoka kwenye raifo nzima ili kifichike ndani ya koti. Hata wahuni wenzake, inasemekana, walikuwa hawataki kukitumia.

"Hiki ni kitu gani?" aliuliza Nyanzobe. "Bunduki iliyozaliwa kabla ya siku zake?"

"Ni bastola iliyomeza bunduki," alisema Bukuru.

"Chekeni, lakini nisikilizeni," alisema Sikazwe. "Mbali haifai kitu. Ukipiga mti ule pale, risasi itakwenda kuuliza njia. Nusu ya baruti inaungua bure nje ya mtutu, kwa hiyo inatoa moto na kelele ya ajabu. Inarusha mkono. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuichagua. Ila mle kichakani huna haja ya mbali. Mle unahitaji kitu kinachogeuka kwenye kona, na kinachopiga kwa uzito wa raifo. Kitu cha namna hiyo ni hiki tu."

"Inafanya kazi?"

"Haifanyi. Springi yake imekufa."

Alisema hivyo, akaingia chumbani kwake. Wakasikia bisibisi. Alikifungua cherehani chake, kile cha magauni, akatoa chuma chake cha ndani na kukikata, kwa kuwa pale Nyamakuyu hakukuwa na chuma kingine kizuri cha namna ile. Alikikunja, akakipasha moto, akakipachika. Cherehani hakikushona tena. Alipotoka, kifyatuo cha bunduki fupi kilikuwa kinalia vizuri kwenye kiganja chake, na Sikazwe alikuwa ameosha uso.

Basi huo ndio mchango wa Sikazwe: alivunja lakiri akijua kazi inaweza kuondoka, na alivunja cherehani akijua binti yake hatashonewa tena. Bila yeye wasingekuwa na kitu cha kuingia nacho.

Bukuru alitangulia kichakani, safari hii kwa tumbo. Kwenye kila kona alisimama, akalaza sikio ardhini, akasikiliza, akamwonyesha Nyanzobe kwa kidole. Alijua mbogo ameelekea wapi, ameinamisha kichwa au ameinua, anapumua kwa hasira au kwa uchovu. Aliwazungusha mpaka wakawa upande ambao upepo haukupeleka harufu yao. Walifika karibu kiasi kwamba Nyanzobe aliona kupe kwenye sikio la mbogo.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo Sikazwe hakuliwaza. Bunduki haina kitako. Nyanzobe alikuwa amelala nyuma ya Bukuru, hana jiwe wala gogo la kuegemeza mkono, na kitu kile kizito kilikuwa kikicheza mbele yake. Alitikisa kichwa: haiwezekani.

Bukuru alimtazama. Kisha akarudi nyuma kidogo, akampa bega.

"Weka hapa," alinong'ona.

"Kaka Bukuru, sikio lako."

"Weka."

Mtutu ulikuwa mfupi. Mdomo wake ulifikia kando ya shavu la Bukuru. Bukuru hakuweza kuziba masikio, kwa kuwa mikono yake miwili ilikuwa imeshikilia ardhi ili bega lisitikisike. Alichoweza kufanya ni kufumba macho, na akayafumba.

Huo ndio mchango wa Bukuru. Bila masikio yake wasingefika, na bila bega lake risasi ingekwenda kuuliza njia, kama alivyosema Sikazwe.

Mbogo alinusa kitu, akageuka. Nyanzobe aliuona uso mzima. Anasema aliyaona macho ya mnyama aliyechoka, na kwamba kwa muda mfupi sana alimwonea huruma, kwa sababu alifanana na watu wanaokaa peke yao mahali pabaya. Chemba ilikuwa na risasi moja. Kuweka ya pili kusingewezekana kwa umbali ule. Kama angekosa, au kama angempiga pembeni, wangekufa wote watatu: yeye, Bukuru na Lusambo. Alivuta pumzi, akaishikilia, akafyatua.

Wanasema moto ulitoka mpaka majani yakaungua. Mbogo alipiga magoti, akalala. Nyanzobe alikuwa amerushwa nyuma na mkono wake umepinda vibaya, kifundo kimevunjika. Kilipona baadaye, lakini kilipona kikiwa kimepinda. Mpaka leo mkono ule unatetemeka akishika kikombe.

Huo ndio mchango wa Nyanzobe: risasi moja, mahali pamoja, na mkono uliokuwa kipaji chake chote.

Lusambo aliteremka mtini. Aliwakumbatia mmoja mmoja, akampigia Bukuru kelele za shukrani, na Bukuru akawa anamwangalia tu mdomo. Sikio lake la kulia lilikuwa limenyamaza kabisa. La kushoto lilikuwa na mlio wa nyenje usiokoma.

Lori lilipokuja mwisho wa mwezi, Nyanzobe ndiye aliyeliona, lilipokuwa vumbi tu huko mbali. Alimgeukia Bukuru, akijua kwamba siku zote angekuwa ameshasimama njiani. Bukuru alikuwa ameketi kizingitini akipanga kuni, hajui lolote. Nyanzobe hakulidai. Alingoja, alingoja, mpaka lori likakaribia kabisa na Bukuru akaliona mwenyewe.

"Wangu!" alipiga kelele Bukuru.

"Wako, kaka," alisema Nyanzobe.

Ndani ya lori alikuwemo Afande Chogero mwenyewe. Alikuwa ameshasikia habari, maana warina asali wana midomo. Alikagua ghala, akakagua lakiri iliyovunjika, akamgeukia Sikazwe.

"Hii lakiri imeliwa na panya," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Panya wakubwa mlionao hapa."

"Ndiyo, afande."

Kisha akaomba aletewe hiyo bunduki fupi. Aliigeuzageuza. "Sasa nani angetaka kitu hiki? Kiunoni hakikai. Begani hakikai. Bastola ukiiuliza itasema huyu si ndugu yangu, na raifo nayo itasema hivyo hivyo."

"Kichakani inakaa, afande," alisema Sikazwe.

"Siku moja ilikaa," alisema Afande Chogero. "Itakwenda kuyeyushwa." Akaitia kwenye gunia.

Halafu akatoa habari iliyomleta. Kwenye geti la mashariki, lililo karibu na mji, nafasi ilikuwa imepatikana. Nyumba ya matofali, umeme, simu inashika, na mtu anaruhusiwa kuishi na familia yake. Barabara ya lami inapita mlangoni na mabasi yanasimama. Nafasi ilikuwa moja. Nyamakuyu hakiwezi kubaki na mtu mmoja, hiyo ni sheria, kwa hiyo wawili wangebaki. Na mtu akishabaki Nyamakuyu baada ya mwenzake kuhamishwa, mnajua ofisi zilivyo. Huenda asikumbukwe tena mpaka astaafu.

"Wakubwa wamesema apewe aliyemwokoa yule mrina asali," alisema Afande. "Mimi sikuwepo. Semeni wenyewe ni nani. Kesho asubuhi naondoka naye."

Jioni hiyo walikula pamoja, na nawaambia hamjawahi kuona adabu kama ile. Sikazwe alisema, "Nyanzobe aende, ndiye aliyempiga." Nyanzobe akasema, "Hapana, kaka Bukuru aende, ndiye aliyeumia zaidi." Bukuru, aliporudiwa neno kwa sauti kubwa, akasema, "Sikazwe aende, ana mtoto." Walizunguka hivyo mpaka ugali ukaisha. Afande alikuwa akiwasikiliza akafurahi, akadhani kesho kazi itakuwa nyepesi. Wakaagana vizuri, kila mmoja akaenda kwake.

Asubuhi Afande Chogero alitoka nje na mswaki mdomoni. Mbele ya kila mlango palikuwa na begi limefungwa. La Sikazwe, la Nyanzobe, la Bukuru.

Wote watatu walitoka karibu wakati mmoja. Kila mmoja aliona begi la mwenzake. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Nimesimulia hadithi nyingi, lakini hapa huwa naweka chai yangu chini, kwa sababu watu hawa hawakuwa na ndugu mwingine pale isipokuwa wao kwa wao, na asubuhi hiyo walianza kuonana kama watu wa foleni.

"Basi semeni," alisema Afande.

Nyanzobe alianza, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Ninyi mlifanya ya kabla. Kumuua nilimuua mimi. Ningekosa, lakiri na bega visingekuwa na maana yoyote. Na mama yangu kila mwezi ananifuta kidogo. Nikichelewa nitamkuta mama wa watu wengine."

"Ungempiga kwa kitu gani, mdogo wangu?" alisema Sikazwe. "Kwa kidole? Ulirudi hapa unalia na raifo mkononi. Mimi ndiye niliyekupa kitu cha kupigia, na ningeweza kuwa jela sasa hivi. Binti yangu anavaa nguo za kununuliwa. Sijui hata ana urefu gani."

"Umesema nini?" aliuliza Bukuru.

Sikazwe alirudia kwa sauti ya juu, na maneno yakirudiwa kwa kelele huwa makali kuliko mwanzo. Bukuru alisikiliza akimwangalia mdomo.

"Nyote mlitoa kitu cha nje," alisema Bukuru. "Mimi nilitoa cha ndani ya kichwa. Nyanzobe mkono umepona, hata kama umepinda. Cherehani kinauzwa dukani. Masikio yanauzwa wapi?"

Ndipo Sikazwe aliposema neno ambalo alilijutia kabla halijamaliza kutoka. "Lakini wewe, Bukuru, kule unakwenda kwa nani? Nani anakungoja?"

Hakulirudia, lakini safari hii Bukuru alikuwa amesikia.

"Hakuna," alisema. "Ndiyo maana nataka kwenda. Ninyi mkikaa hapa mna watu mnaowakosa. Mimi sina hata wa kumkosa. Zamani nilikuwa nasikia, nilikuwa nakaa na ndege, nakaa na mto, nasikia lori nafurahi. Sasa Nyamakuyu kimenyamaza. Nikibaki hapa nitakuwa mle kichakani siku zote."



Afande Chogero alimwita Lusambo, aliyekuwa amekuja kuwaletea asali ya shukrani. Alimwambia, "Wewe ndiye uliyeokolewa. Sema ni nani aliyekuokoa, tumalize."

Lusambo aliwaangalia watatu wale, jasho likamtoka kuliko siku ya mbogo. "Afande," alisema, "mimi nilikuwa juu ya mti nimefumba macho."

Afande akapendekeza wapige kura ya vijiti, atakayevuta kirefu aende. Wote watatu walikataa kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana asubuhi hiyo. Nyanzobe alisema kwamba kijiti kikiamua, itakuwa kama hawakufanya lolote, kama mbogo alikufa kwa bahati.

Dereva akawasha lori. Mbele kulikuwa na dereva na Afande, na nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

Sasa nawageukia ninyi. Najua wewe hapo unataka kusema Bukuru, nimeona machozi. Lakini kama tuzo ni ya aliyeumia zaidi, basi tunalipa maumivu, hatulipi kazi, na siku nyingine watu watajiumiza. Na wewe unasema Nyanzobe kwa sababu risasi ilitoka mkononi mwake. Kama ni hivyo, anayefungua mlango tunampa nyumba na fundi aliyeijenga tunamwacha mvuani. Wewe umesema Sikazwe kwa ajili ya mtoto. Umemwona mtoto tu, umemsahau mama anayesahau. Na msiniambie kwamba wote wabaki kwa umoja. Nafasi itapewa mtu wa ofisini ambaye hajawahi kuona mbogo, na umoja wao wenyewe mmeuona asubuhi ile.

Mimi sina jibu. Afande Chogero naye hakuwa nalo. Alishuka akaja kwako, kwako wewe unayenisikiliza, akakuambia: wewe huna undugu na yeyote kati yao, taja jina moja. Lori linaunguruma. Watatu wamesimama na mabegi yao, na mmoja wao hatasikia utakalosema, itabidi alisome kwenye midomo yako. Utakayemtaja atapanda. Wawili watakaobaki wataingia ndani, wataosha vyombo vya jana, na jioni watakaa meza moja.

Haya. Ungemwambia nani apande? Na wakati unalitaja jina lake, ungemtazama nani?